Mwisho wa Nahodha Mwenye Kibali

Kaka yangu alimaliza hadithi yake. Aliimaliza kwa sauti yake mwenyewe, kundi zima la jumuiya yetu hapa Sydney likamsikia, na leo siwezi kupata watu wawili wanaokubaliana kama nahodha wake alinyongwa au aliachiwa. Kaka hawezi kutuambia. Kiharusi kilimpiga akiwa kwenye foleni ya mkate mtaani Rooty Hill, kikachukua upande wake wa kulia pamoja na maneno yake. Wakati huo sauti zote alizoturekodia za sehemu ya mwisho zilikuwa zimeshajifuta kwenye simu zetu.

Kwenye kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, kaka alikuwa mwalimu wa historia. Jioni alikwenda kwenye kibanda cha video, akashika kipaza sauti na kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, akizungumza juu ya sauti za waigizaji. Hakutafsiri tu. Mtu akipigwa ngumi, kaka alitueleza anachowaza wakati anaanguka. Wapenzi wakikaa muda mrefu wakitazamana, kaka aliwafanya wagombane kuhusu mgao wa unga. Filamu ikifika pabaya alinyamaza ghafla, kibanda kizima kikapiga kelele, naye akasema, "Tulieni, nameza mate." Watu walikuja kumsikiliza yeye.

Sydney ilimpa kazi ya ghala. Huko alipakia makatoni ya vyakula vya mbwa na paka, na mapumziko yake aliyapitisha ndani ya gari. Humo ndimo alimoanza kusimulia habari za nahodha. Alibonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, akazungumza mpaka mapumziko yakaisha, akatuma. Hakuandika neno hata moja popote.

Nahodha alitoka kwenye aya moja ya kitabu alichofundishia kambini. Aya hiyo ilisema kwamba Wamarekani walipoasi ili wajitoe mikononi mwa Waingereza hawakuwa na manowari za kutosha, kwa hiyo waliwapa manahodha wa biashara kibali cha kuteka meli za adui na kugawana mali. Ukiwa na kibali, wewe ni mpiganaji wa mapinduzi. Ukikikosa, kwa kazi ileile, wewe ni haramia na kamba inakungoja. Kaka alisema aliisoma aya ile mara nyingi kuliko wanafunzi wake wote wakijumlishwa.

Bahari yake haikuwa bahari. Alikuwa hajapanda chombo cha majini ila kile kilichotuvusha Ziwa Tanganyika, na mtu aliyekulia kule alilitambua ziwa mara moja. Atlantiki ya kaka ilinuka dagaa. Mizinga ilipolia, nyuma yake ulisikia foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ikirudi nyuma, pii pii pii, na siku moja katikati ya vita msimamizi wake aligonga kioo cha gari, kaka akamjibu kwa Kiingereza cha adabu kisha akarudi palepale kwenye damu. Wanawake wanaolea wazee walimsikiliza kwenye treni za alfajiri. Kanisani watu walisalimiana kwa kuulizana nahodha amefika wapi.

Sehemu za mwanzo zipo. Nimezisikiliza zote tena. Zinakoma nahodha akiwa baharini, mlingoti mmoja umevunjika, mabaharia wanataka kurudi kwao, naye anaona tanga upande wa mashariki.

Zinakoma hapo kwa sababu jumuiya iligombana. Mtu alipiga picha ujumbe kuhusu ndoa ya wenzake, na kabla ya Jumapili picha ilikuwa imefika hadi mji wa Brisbane. Mwenyekiti wetu, Mrundi mzee kidogo anayekaa Macquarie Fields, akaamua kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu kitakachotumwa kwenye kundi kitajifuta baada ya wiki moja. Tulishangilia. Kaka alikuwa wa kwanza kuweka kidole gumba. Sikumbuki mtu yeyote aliyesema, na nahodha je? Tulikuwa tunafikiria midomo ya watu.

Kisha mama yetu akafariki. Kaka hakupata ruhusa kazini, nikaenda mimi. Nilikaa msibani wiki kadhaa, mahali ambapo hakuna mtandao na simu yangu ilikuwa tochi tu. Nilipotua Sydney kaka alikuja kunipokea, akanikumbatia, tukalia pale kwenye maegesho. Halafu ndani ya gari akacheka.

"Umekosa mwisho wewe."

"Niambie basi."

"Sikuambii. Wewe utausoma kwenye kitabu. Nataka mtu mmoja asome bila kujua."

"Kitabu kipi? Hujaandika hata barua ya ruhusa."

"Utaandika wewe, si ndiyo kazi yako? Mimi nitakaa kwenye kochi nizungumze, wewe utaandika, mwisho nitakupa mwishoni. Nataka nikishike mkononi kabla sijazeeka."

Nilifanya kazi ya kuandika habari redioni zamani, na hapa ninalea wazee Toongabbie. Tulikubaliana tuanze likizo yake ikifika. Kiharusi kilitangulia.

Hospitali walitueleza waziwazi. Kinachorudi hurudi zaidi katika miezi ya mwanzo, na kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Kwa hiyo nilijiwekea kazi moja: kuikusanya sehemu iliyofutika, niiandike, nimsomee angali anasikia, yeye aseme ni hiyo au si hiyo. Niliamini hivyo ndivyo kitabu chake kitakavyopatikana.

Nilianza kwa wifi yangu, mke wake. Alikuwa ameshatoka kwenye kundi tangu ule ugomvi.

"Wifi, mimi sikusikiliza hata moja," alisema, akikunja fulana za kaka ambazo siku hizi zinakatwa ubavuni ili zivalike. "Nilimwona kwenye gari hapo nje anaongea na simu kwa sauti ya chini, anacheka peke yake. Nilidhani ana mwanamke."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akaniambia ana nahodha. Nikaona ananidharau, nikanyamaza."

Binti yao alisikia baadhi. Alijibu swali langu la Kiswahili kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba yake alikuwa akizungumza haraka mno, na kwamba alipenda yule mpishi wa meli. Mpishi namfahamu. Yumo kwenye sehemu za mwanzo.

Nesi mmoja Mkenya tunayesali naye alinipigia mwenyewe aliposikia natafuta. "Kwani iliisha? Mimi nilijua kuna ingine inakuja, bana. Jamaa alikuwa mbele ya jaji, nikalala kwa treni."

Hilo lilinisaidia. Wengine walilithibitisha: lile tanga la mashariki lilikuwa la Mwingereza, nahodha akaiteka ile meli, akarudi bandarini akipunga kofia, na gatini akakamatwa. Amani ilikuwa imeshasainiwa zamani. Habari ilikuwa bado haijafika baharini. Kibali chake kilikuwa kimekufa mfukoni mwake, na kosa likawa la uharamia. Mpaka hapo ushahidi unakubaliana.

Baada ya jaji haukubaliani tena.

Toongabbie kuna mama mmoja ninayefanya naye kazi. Mume wake aliondoka kambini na malori ya kwanza ya kurudisha wakimbizi, pale tulipotangaziwa kwamba kwetu kumetulia, akatangulia ili akasafishe nyumba. Hakurudi, wala nyumba haikusafishwa. Mama huyu hakusita hata kidogo.

"Aliachiwa, dada yangu. Nililia kwenye treni mpaka mzungu akanipa tishu."

"Jaji alisema nini?"

"Jaji... jaji sikumbuki. Lakini alifika nyumbani. Mke alikuwa anaanika nguo, akamwona kwa mbali kati ya mashuka."

"Kaka alisema mashuka?"

"Alisema. Au alisema nguo. Ah, wewe nawe! Alifika, nakuambia."

Nikapanda treni mpaka Macquarie Fields. Mwenyekiti alinipa chai na mandazi, akaomba radhi tena kwa ile amri yake, ingawa sikwenda kwa ajili hiyo. Yeye pia aliliamini lile tangazo la kambini. Alirudi Burundi na watoto wake wote, na akakimbia mara ya pili akiwa na watoto pungufu.

"Walimnyonga," alisema.

"Ulimsikia kaka akisema walimnyonga?"

"Nilisikia kamba."

"Kamba ya tanga au ya kitanzi, mzee?"

Akaniangalia. "Redio haijakutoka, wewe. Kamba ni kamba. Ulitaka wamfanyeje? Wakubwa walishapeana mikono. Mtu kama yule wangempeleka wapi?"

Nilizunguka kwa wengine. Nilipomaliza nilikuwa na miisho miwili iliyoandikwa vizuri na moyo mzito, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kukisia kabla mtu hajafungua mdomo. Nikijua ameacha nini kule, nilijua atamfanya nini nahodha. Sauti ya kaka yenyewe haikuwemo katika lolote nililoandika. Niliyasoma maandishi yangu kwa nguvu peke yangu jikoni, na hakuna aliyemeza mate.

Hata hivyo nilimpelekea. Wifi alikuwepo, akimlisha uji wa ndizi kwa kijiko kidogo. Nilimsomea mwisho wa kwanza, ule wa kunyongwa, polepole. Alisikiliza kwa umakini, jicho la kushoto limenitulia usoni.

"Ni huu, kaka? Walimnyonga?"

"Ndiyo," alisema. Alilitamka vizuri kabisa. Wifi akaacha kijiko hewani.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nilikuwa na karatasi nyingine, nikaisoma pia. Mke, mashuka, mtu anakuja kwa mbali.

"Au ni huu? Aliachiwa, akafika kwao?"

"Ndiyo."

"Kaka, haviwezi kuwa vyote viwili."

"Ndiyo," alisema, na safari hii alipiga reli ya kitanda kwa ule mkono wake mzima, wa kushoto, mara nyingi, uji ukamwagika shukani. "Ndiyo! Ndiyo!" Uso wake ulikuwa wa mtu anayesema sentensi ndefu.

Mtaalamu wa matamshi alikuja kwa zile kelele. Alinitoa nje kwenye korido, akanieleza kwa upole kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kubaki na neno moja tu, na neno hilo hutoka hata pale anapotaka kusema kinyume chake. Nikamuuliza kama basi kaka alinikatalia yote mawili. Akasema inawezekana. Nikamuuliza kama inawezekana pia alikubali mojawapo. Akasema hilo nalo linawezekana, na kwamba kwa sasa hakuna kipimo cha kujua.