Yule Mama wa Nyumba Kongwe

Yule mama wa wilaya anayeorodhesha nyumba kongwe hapigi hodi kwanza. Huugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, ndipo huita, "Wenyewe mpo?" Penseli huichomeka kwenye nywele, chini ya ukingo wa kofia, na viatu vyake vina tope la kila bonde la milima yetu. Jana alifika kwa bibi yangu, ambaye nyumba yake ingebomolewa ili barabara ipite, isipokuwa ithibitike ni ya kale.

"Usijisumbue, mwanangu," bibi akasema. "Hizi ni mbao za kiwandani tu."

Yule mama akapima unene wa ukuta dirishani kwa kiganja: shubiri nzima na ushei. "Mbao gani nene hivi, Bibi? Umeficha nini humu?" Akabandua ubao mmoja wa kona. Ndani kulikuwa na magogo yaliyochongwa kwa shoka, yameumana bila msumari hata mmoja!

Bibi akainamisha uso. "Baba mkwe wangu aliyafunika kwa mbao. Watu wa mjini walitucheka, eti tunalala kwenye magogo."

Yule mama hakucheka. Akavua kofia, akaandika. "Basi barabara itatafuta pengine pa kupita. Nani aliyachonga?"

Bibi akanyoosha mgongo. "Babu wa mume wangu, Hiram Stidham!" akasema, kwa sauti iliyomfanya jirani ng'ambo ya kijito achungulie.