Mama Mkwe kwenye Kiti cha Nyuma

Mjukuu wangu alikuja kukaa kwetu Siakago kukimbia kelele za Embu mjini, ambako baba yake alijenga nyumba kisha jirani akajenga baa. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria. Mara ya kwanza alianguka, na kilichomwangusha ni yale maswali ya mantiki: huyu asikae na yule, yule amtangulie huyu, sasa sema nani yuko katikati. Alibaki na nafasi moja ya kurudia. Akiikosa, baba yake alikuwa ameshaamua atasomea uhasibu, kazi ambayo msichana huyo aliizungumzia kama mtu anayezungumzia kung'olewa jino.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa bohari ya nafaka hadi nilipostaafu. Watu wa kwetu huniletea barua zao niwasomee, na kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa akili. Aliponikuta nikichungulia kitabu chake cha mazoezi, alinipa kalamu nijaribu swali moja.

Lilikuwa swali la harusi. Watu watano wanakaa kwenye mstari, na kati yao yumo bwana harusi na mama wa bibi harusi. Nilihangaika nalo mpaka chai ikapoa, kisha nikatangaza kwamba swali lina kasoro. Kila nilivyowapanga, mama mkwe aliangukia karibu na mkwewe.

"Na kuna ubaya gani, guka?" akauliza, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi babu yake.

Nikamweleza kwamba kwetu mkwe hakai karibu na mama mkwe wake. Mke wangu ametoka Kianjai, na miaka yote mama yake alipokuwa hai sikuwahi kukaa naye benchi moja. Nikimwona anakuja njiani, niliingia shambani kwa watu. Siku moja niliingia kwenye nyasi za ng'ombe za mtu, mwenyewe akanikuta nimechuchumaa humo nikiwa na suti, akadhani nimekuja kuiba. Aliyetunga swali hilo, nikasema, bila shaka hajaoa.

"Hiyo sheria yako imeandikwa wapi hapa?"

"Haihitaji kuandikwa. Kila mtu anaijua."

"Kwenye mtihani, guka, kisichoandikwa hakipo."

Mke wangu, aliyekuwa akichagua ndengu pale mlangoni, alicheka hadi akapangusa macho kwa leso. Akasema afadhali nirudi kwenye barua za watu.

Kicheko hicho ndicho kilichoniharibu. Kesho yake mjukuu wangu alipokwenda kuoga, nilifungua kitabu nikagundua kwamba majibu yote yamepangwa vizuri mwishoni. Basi nikawa namwomba swali, natoka na kitabu hadi upenuni mwa jikoni, nakunja uso kidogo, narudi na jibu. Kila mara sahihi. Alishangaa. Mimi nikavimba. Nikaenda hadi kwenye hoteli ya sokoni kuwaambia wazee wenzangu kwamba maswali ya mawakili ni kama kumenya ndizi, na mmoja wao akaninunulia andazi kwa heshima.

Sikuona kwamba kila nilipong'aa, yeye alififia. Alikuwa akitumia nusu saa kwa swali ambalo mimi nililimaliza kwa muda wa kupuliza moto. Akaanza kufunga kitabu mapema. Kisha jioni moja nikamsikia akizungumza na mama yake kwa simu nyuma ya tangi la maji. Alisema hataurudia mtihani. Alisema kama guka wa kidato cha nne anamshinda, basi yeye hakuumbiwa sheria, na baba atafute hiyo nafasi ya uhasibu.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwita nimwambie ukweli. Sikumwita. Nilikula chakula changu nikasifu mchuzi, nikalala, na kesho yake nikaomba swali lingine, kwa sababu sikujua namna ya kuacha bila kuulizwa. Nimefanya makosa mengi ya haraka maishani, lakini hilo nililifanya polepole, nikiliona.

Swali la siku hiyo lilihusu gari lenye viti vitatu, watu wawili kila kiti. Sikulisoma. Nilinakili herufi kutoka mwishoni mwa kitabu: hawa mbele, hawa katikati, M na K nyuma. Nikampelekea karatasi pamoja na kitabu.

Aliangalia karatasi. Akaangalia swali. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Guka, M ni nani?"

Nikasema ni abiria.

"M ni mama mkwe. K ni mkwewe. Umewaweka kiti kimoja, cha nyuma, safari nzima."

Nilijaribu kusema kwamba nimejifunza, kwamba kisichoandikwa hakipo. Hakunisikiliza. Alikuwa akihesabu kwa vidole, akizungumza taratibu kama anayeisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Kama ungelisoma swali hili, ungelalamika. Wewe ungelalamika hata ukiwa usingizini. Hukulalamika. Basi hukulisoma. Na kama hukulisoma na jibu ni sahihi, umelitoa mahali."

Alifungua kurasa za mwisho. Alama ya kidole changu ilikuwa pale, ya mafuta ya andazi, lakini wala hakuihitaji.

Nilikiri. Nilikiri yote, isipokuwa ya simu niliyoisikia. Nilitegemea atalia au atanikasirikia, na alinikasirikia kweli, lakini alikuwa akitabasamu upande mmoja. Aina hiyo ya hoja, ya kumkamata mtu kwa kitu ambacho hakukifanya, ndiyo iliyokuwa ikimshinda kitabuni. Sasa alikuwa ameitumia kwa mtu hai.

Alirarua kurasa za majibu akampa mke wangu, cucu yake, naye akazificha nisikokujua. Adhabu yangu ikawa kufanya maswali mbele yake kwa sauti. Nilikosea sana. Yeye alinirekebisha, na kadiri alivyonirekebisha ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi. Mwishoni hata mimi niliweza moja moja, ikiwa halikuwa na harusi ndani.

Alipokwenda Nairobi kufanya mtihani, aliniambia matokeo yatatoka Ijumaa. Akianguka, Jumamosi atakuwa hapa kunisaidia kuchuma muguka, yale majani yetu ya kutafuna, kwa sababu hataki kuwa karibu na baba yake siku hiyo.

Jumamosi nilichuma peke yangu. Adhuhuri ikapita. Mke wangu akasema pengine amekosa gari, au anaumwa, au mvua imemzuia Embu. Nikamwambia asiongeze mambo ambayo hayakuandikwa. Simu yangu ilikuwa haina chaji tangu asubuhi. Nikaipeleka dukani kuchajiwa, mke wangu akinifuata, na ilipowaka tu, ikalia.

"Hongera, wakili," nikasema kabla hajasalimia.

"Nani amekuambia?"

"Hukuja kuchuma."

Akaniomba nimpe cucu simu, athibitishe kwamba sijachungulia mahali.