Nguo za Kozue, Mwili wa Chisato

Baba yake alipokuwa hai, Chisato Kasai hakuwahi kujiuliza kama yeye ni mpweke. Nyumba ilikuwa na redio, kikohozi, na mtu wa kuuliza chai iko wapi. Mzee Kasai alikuwa dereva wa magari ya kusomba theluji pale Hirosaki, mji wa kaskazini mwa Japani, na tangu mkewe alipofungasha na kuondoka, baba na binti waliishi kama watu wawili wanaosubiri basi moja: hawaongei sana, lakini hakuna anayeona haya kwa ule ukimya.

Siku moja ya kiangazi walikuwa wanatoka hospitali kubwa ya Sendai, ambako daktari alikuwa amezungumza nao kwa upole uliozidi kiasi. Walikaa kwenye benchi la stesheni kungoja treni ya kurudi kaskazini. Benchi la mbele yao alikaa mtu mmoja akila tonge la wali lililoviringishwa kwa mwani. Alivaa suruali fupi nyeusi iliyobana chini kidogo ya magoti, soksi ndefu, kizibao chenye safu mbili za vifungo, na blauzi nyeupe ya marinda kifuani. Bakora yake ilikuwa imeegemezwa pembeni. Leso ameitandaza mapajani. Usingeweza kusema ni mwanamume au mwanamke, na ukimtazama kidogo ukaona swali lenyewe halina maana.

Mzee Kasai alimwinamia binti yake. "Chi, mwana wa mfalme huyo katoroka ikulu ipi?"

"Baba, shusha sauti."

"Nimeshusha. Hebu mwone anavyokula. Hata punje moja haijaanguka. Wewe ukila tonge, kuku wa jirani wanashiba."

Chisato alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa machozi yalikuwa yametafuta njia tangu asubuhi, yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Baba yake alitazama ubao wa treni akajifanya anasoma.

Mzee alifariki vuli ile ile, matufaha yakiwa yanachumwa. Jamaa walikuja, wakala, wakainama mbele ya picha yake, wakaondoka. Chisato akabaki na nyumba, na redio aliyoona uzito kuiwasha.

Alifanya kazi kwenye ghala la kuchambua na kufungasha matufaha, nje kidogo ya mji. Wanawake wa pale wengi walikuwa na umri wa mama zake. Kiongozi wao alikuwa Mama Narita, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Chisato alikuwa mrefu kuwapita wote, mabega mapana, na hilo halikupewa mapumziko.

"Mlingoti wetu, hebu nishushie boksi lile."

"Mume wake atahitaji ngazi," mmoja angesema.

"Ngazi ipo stoo," Mama Narita angejibu. "Mume ndiye hayupo."

Chisato alicheka nao. Hawakuwa na ubaya. Lakini jioni alipofika nyumbani na kuvua viatu mlangoni, aliona jozi moja tu pale chini, na hakukuwa na mtu wa kumsimulia walichosema.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alianza kumtafuta kwenye simu yule mtu wa stesheni. Si yeye hasa, bali nguo zake. Akajua kwamba mtindo ule una jina, huitwa ouji, maana yake mwana wa mfalme, na kwamba wapo wanawake kwa wanaume wanaouvaa mitaani Tokyo na kwingineko. Usiku mmoja akakuta picha za mama wa Sendai aliyekuwa anauza nguo zake moja moja. Nyuma ya picha moja, mlangoni, lilining'inia koti refu la rangi ya damu ya mzee, lenye mkia kwa nyuma na vifungo vya shaba. Halikuwa miongoni mwa zilizokuwa zinauzwa. Chisato akaandika kuuliza kama linaweza kuuzwa.

Jibu lilikuja asubuhi. "Una blauzi?"

"Sina."

"Viatu?"

"Nina buti za theluji."

"Sasa koti la nini? Utafanana na mtu aliyeibiwa nguo zote akasetiriwa na polisi."

Chisato alilisoma lile jibu akiwa amesimama jikoni, na akajikuta anatabasamu peke yake. Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Kozue Onodera.

Kozue alikuwa amevaa mtindo ule tangu ujana wake, na sasa alikuwa amevuka miaka arobaini. Alimfundisha Chisato kwa ujumbe mfupi mfupi, kama mtu anayepika huku anaongea. Kila anayeanza, alisema, hukimbilia koti na kofia, akabaki hana cha kuvaa ndani. Anza na kinachogusa ngozi. Blauzi nyeupe moja yenye kola nzuri, marinda yasiwe mengi, uso usije ukazama. Halafu suruali fupi. Halafu soksi ndefu zisizopitisha mwanga, na viatu vyeusi vya kamba, viwe imara hata kama si ghali. Kizibao baadaye. Mwaka wa kwanza usivuke rangi mbili.

"Nyeusi na damu ya mzee," Chisato aliandika.

"Koti langu bado linakusumbua," Kozue akajibu.

Vifurushi vilifika majira yote ya baridi. Suruali ya kwanza ilimbana magotini, Kozue akamwelekeza namna ya kufumua mshono na kuongeza kipande cha kitambaa ndani. Soksi zilimporomoka, akaambiwa anunue mikanda ya kuzishikia mapajani. Alipofua blauzi ikatoka na mikunjo kama kabichi, aliambiwa aipige pasi ingali na unyevu, kutoka kola kwenda chini, na marinda ayafungue kwa kidole moja baada ya jingine. Kazi ile ilimla jioni nzima, naye aliipenda kwa sababu hiyo.

Hakuwa na kioo kikubwa. Kile cha bafuni baba yake alikitundika kwa kimo chake mwenyewe, na kilimkatia Chisato kichwa. Kwa hiyo alijiona vipande vipande: leo kifua chenye utepe, kesho, kwa kupanda juu ya kigoda, magoti na soksi. Jioni giza likiingia alisimama mbele ya dirisha la sebule, akaona umbo refu limesimama katikati ya theluji ya uani. Mabega yale yaliyokuwa yanamlemea kazini, ndani ya kizibao yalikaa mahali pake. Alisimama mpaka miguu ikapata ganzi. Kisha alivua, akatundika, akapasha supu, akala.

Aliwahi kumuuliza Kozue kwa nini anauza. Jibu lilichelewa.

"Mama mkwe wangu ameanguka kiharusi, anahamia kwetu. Chumba cha nguo ndicho chumba pekee kisicho na ngazi. Mume wangu hakusema kitu. Nilimkuta tu anapima sakafu, kitanda kitakaa wapi."

Chisato aliandika maneno ya pole, akayafuta, akaandika mengine, mwisho akatuma, "Vizibao vyako navitunza vizuri."

"Najua," Kozue alijibu. "Ndiyo maana nakuuzia wewe."

Mwezi wa tatu Kozue akamwambia kuna mkusanyiko wa chai hotelini Sendai, watu wa mtindo wao wanakaa pamoja mchana mmoja, wanakula keki, wanapigana picha. "Njoo. Koti nitakuletea mwenyewe mkononi. Sitaki lipite posta."

Chisato alisafiri na nguo begini, akabadilisha kwenye choo cha stesheni ya Sendai. Alipotoka, mzee mmoja alimpisha njia kwa heshima, kana kwamba anampisha mtu mkubwa. Alitembea hadi hotelini akiwa amejinyoosha, naye kwa kawaida hutembea amejikunja.

Ukumbini walikuwepo watu kama thelathini, wenye nguo za lesi, kofia na bakora. Kozue alikuwa anamsubiri kwenye korido. Chisato alimpita bila kumjua. Huyu alikuwa mwanamke wa sweta la kijivu, begi mgongoni, nywele amezibana kwa haraka, na alinukia dawa ya kuchulia.

"Kasai?"

"Bi Onodera. Samahani, nilidhani..."

"Ulidhani nitakuja nimevaa. Nivae nini, dada yangu? Umeshanunua zote."

Alisema kwa kucheka, na Chisato akacheka pia, ingawa hakujua kama ilimpasa. Kozue akafungua begi, akatoa koti lililokunjwa ndani ya shuka safi. Akamsaidia kuingiza mkono mmoja, kisha mwingine, akanyoosha kola, akafunga vifungo kuanzia chini, akipiga kila kimoja kwa kidole gumba.

"Geuka," alisema.

Chisato akageuka.

"Mikono ni mifupi kidogo. Lakini mgongoni..." Akapitisha kiganja kwenye mshono. "Kwangu lilikuwa linavaliwa. Kwako limekaa."

Wakaingia pamoja. Hawakupita hata meza ya kwanza, vijana walikwisha kumzunguka Chisato. Koti lile lilishaacha kushonwa siku nyingi, nao walilijua. Walimuuliza alilipata wapi, wakaomba kupiga naye picha, wakamvuta dirishani penye mwanga. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kupanga foleni kusimama karibu naye. Kila alipogeuza macho, alimwona Kozue amekaa mwisho wa meza, amekumbatia begi, akila keki polepole. Wengine walidhani ni msindikizaji. Msichana mmoja alimpa simu awapigie picha, naye akawapiga.

Kisha akapita mwanamke wa makamo mwenye kofia ndefu, akasimama ghafla. "Wewe si Onodera? Sikukutambua kabisa. Umekuwa..." Akatafuta neno. "Umepumzika."

"Ndiyo," Kozue alisema. "Nimepumzika."

Muda si mrefu akainuka. Chisato aliacha watu wakiwa wamekaa mkao wa picha, akamfuata mpaka nje kwenye kituo cha basi.

"Unaondoka?"

"Mama ana dawa zake za saa tisa. Mume wangu huwa anachanganya."

"Lichukue koti." Chisato alikwisha fungua vifungo viwili. "Mimi litanitosha la kawaida. Nitalitafuta jingine."

"Acha kufungua, utapata mafua." Kozue alimshika mkono. "Nikilirudisha nitalitundika wapi? Juu ya kitanda cha mgonjwa?"

"Lakini umehuzunika."

"Nimehuzunika, ndiyo. Nilidhani nitaweza kukaa na kutazama. Sikuweza. Hilo si kosa lako." Basi lilikuwa linakuja. "Rudi ndani. Keki umelipia."

Alipanda, akakaa upande wa pili, mahali ambapo Chisato hakuweza kumwona.

Chisato hakurudi ndani ila kuchukua begi lake. Kwenye treni alikaa amevaa vile vile hadi kaskazini, na kiti cha jirani yake hakikukaliwa na mtu njia nzima. Usiku aliandika ujumbe mrefu wa shukrani. Kozue akajibu, "Tundika kwenye hanga pana. Kwaheri kwa sasa." Baada ya hapo majibu yakawa mafupi, kisha yakawa machache, na majira ya mvua yalipoingia, ukurasa wake ukawa haupo tena. Chisato alikuwa na kabati kamili sasa: blauzi mbili, suruali tatu, vizibao, viatu, koti. Mtu wa kumwambia "kola imepinda" hakuwepo.

Kiangazi kilipita. Matufaha yakaiva tena, ukatimia mwaka tangu baba yake afariki. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, alivaa kila kitu, akafunga vifungo kuanzia chini, akatoka mlangoni. Hakuwa na pa kwenda. Alitembea hadi dukani kwa muuza tofu ya maharage ya soya, maana tofu ilikuwa imekwisha.

Mama Narita alikuwa pale, na vitunguu vya majani vimechomoza kwenye mfuko wake. Alimtazama Chisato kutoka viatu hadi utepe wa shingoni, taratibu, jinsi anavyoligeuza tufaha kutafuta doa.

"Hizo soksi hazikupitishii baridi?"

"Zinapitisha."

"Si uvae suruali ndefu ndani?"

"Haiwezekani, Mama. Itaharibu."

"Enhe." Mama Narita akalipa tofu yake. Wakatoka pamoja, wakaongozana hadi kwenye taa za barabarani. Hapo Mama Narita akasema, "Baba yako alikuwa na koti la kazi la rangi hiyo hiyo. Chafu kweli."

"Nakumbuka."

"Basi. Kesho tuna mzigo wa Osaka, usichelewe." Akavuka barabara.

Jumatatu Chisato alifika kazini ameshaandaa majibu. Alisubiri aitwe mwana wa mfalme, alisubiri ikulu itajwe, alisubiri kicheko. Wanawake waliongea habari za bei ya mafuta ya taa na harusi ya mpwa wa mtu. Mama Narita alimtuma boksi la juu kama siku zote, lakini neno mlingoti hakulitamka, wala siku ile wala wiki ile. Chisato hakujua kama ule ulikuwa wema, au ndiyo namna ya watu kumweka mtu kando. Aliona ugumu kuuliza.

Jumapili iliyofuata alipiga pasi blauzi ingali na unyevu, akaivaa, akaenda kutembea kandokando ya mfereji wa maji unaozunguka ngome ya kale ya mji, mahali ambapo majani yalikuwa yameshaanguka yote. Upepo ulikuwa mkali. Alikutana na watu wawili watatu, na mmoja wao alimwamkia.