Mabrouka Akataa Kutupa Kompyuta Yake

Mabrouka, mkunga mstaafu wa mji wa Gabès, Tunisia, alitumia kompyuta yake kuukuu kusafisha sauti ya nyimbo za harusi alizozirekodi kutoka kwa wazee wa mtaani. Mfumo endeshi wa kompyuta ulipoacha kupata masasisho, Nizar, mtoto wa kaka yake, alicheka.

"Shangazi, hiyo ya kutupa. Nunua mpya."

"Utatupwa wewe kwanza! Naweka Linux, mfumo mwingine wa bure."

"Hiyo ya mafundi. Utalia!"

"Nimezalisha nusu ya mji huu, leo nilizwe na kompyuta?"

Alihifadhi nyimbo zake pembeni, kisha akajaribu aina mbili za Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu. Ya kwanza ilimchanganya. Ya pili, Mint, menyu yake ilikaa chini kushoto, pale pale alipozoea. Akaiweka hiyo, pamoja na LibreOffice ya kuandikia maneno ya nyimbo na Audacity ya kusafishia sauti. Spika ziligoma, akauliza watu mtandaoni, wakamwelekeza mpaka zikalia.

Nizar aliporudi, aliikuta kompyuta ikiimba.

"Kumbe inafanya kazi! Shangazi, na yangu..."

"Nyamaza kwanza usikilize. Huyo anayeimba ni bibi yako."