Santuri ya Kaka Seif

Enzi zetu sisi, tuliotolewa Unguja tukaja kulelewa Ibra huku Omani, fujo ilikuwa na mwenyewe. Tukicheza nage kando ya falaji, mfereji wa maji ya mji mzima, anayewarushia watu maji ya kunywa alipata kofi la jirani njiani na la pili kwao. Leo wajukuu wanavaa fulana zenye ngumi na mafuvu, walizonunuliwa na mama zao, ati wanapinga. Wanapinga nini? Sahani yao tu hawaondoi mezani.

Mimi mpingaji nilimwona mmoja, na huyo naye, mh!

Kaka yangu Seif alirudi kutoka kusoma London mwishoni mwa miaka ya sabini, nywele zimesimama kama kaona jini, suruali imechanika magotini. Mama akaitia kiraka siku ile ile. Seif alikuwa anangoja jawabu la kazi ya serikali, nyumba nzima tunamwombea dua, na mwenyewe hana mazungumzo ila santuri moja ndogo ya vijana wasiojulikana hata huko kwao.

Alkhamisi alasiri ilikuwa saa ya taarabu. Udi unafukizwa, kahawa na tende, mkate wa kumimina unanukia iliki, gramafoni ya betri katikati ya sebule. Na taarabu yetu mnaijua wenzangu: kila wimbo una mtu wake anayesemwa. Siku hiyo Seif akaondoa santuri yetu, akaweka yake.

Yarabi! Magitaa yanakwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko, na mtu anapiga makelele kama kabanwa kidole mlangoni. Shangazi Zuwena, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, akasikiliza kwa adabu zote, kisha uso ukambadilika.

"Wallahi huyu ananisema mimi. Seif, nani kakutuma?"

"Hakusemi wewe, shangazi. Wanaisema serikali. Wanataka iondoke."

Baba alikuwa kasimama mlangoni. Baba yetu alikimbia Unguja na nguo za mwilini, na nduguye aliyebaki nyuma hajui kazikwa wapi.

"Serikali gani?"

"Ya Waingereza, baba."

"Siasa imenilia ndugu yangu, hainilii na mwanangu. Chagua, Seif. Santuri hiyo au nyumba hii."

Mama akaanza kulia. Seif alisimama pale pale, santuri inazunguka, akaiacha mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaitoa, akaivunja gotini, akampa baba vipande. Wiki ya pili kazi ikaja. Nywele zikalala, kanzu ikapigwa pasi, na shujaa wetu wa London akawa mtu wa mihuri na mafaili. Nikamwita Simba wa Karatasi, na kwa jina hilo nimemcheka miaka arubaini.

Idi iliyopita mjukuu wake, simu mkononi, akamwuliza: "Babu, ujanani wewe ulipinga nini?"

Seif akainamisha kichwa. "Sikupinga kitu, babu."

Nilitaka kucheka kama kawaida, kicheko kikanikataa.

"Alipinga," nikasema. "Dakika mbili nzima, mbele ya baba yetu. Nyinyi mkizimiwa simu mnalia."

Seif akanitazama, macho yamejaa maji. Miaka yote ile nilimcheka kwa kuivunja santuri yake. Sikupata hata siku moja kumwambia kwamba nilimwona alivyoiacha ikaisha.