Mchicha Wenye Matundu

Bi Tamima wa Jadida hanunui jani asilolipindua. Hulishika kwa kikonyo, akalielekeza juani. Likiwa na tundu la mdudu hulitia kapuni, likiwa zima hulirudisha. Wenzake sokoni Wete humcheka.

"Mwenzetu ala makombo ya viwavi!" Bi Mwanawema, jirani yake, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

"Mie naogopa chakula anachokikimbia kiwavi," hujibu Tamima.

Hayo hakuyapata kwenye semina. Mumewe, Nassor, alikuwa kibarua wa kupiga dawa katika mashamba ya watu, bomba mgongoni, kanga ya mkewe imefungwa puani. Kila jioni Tamima aliifua kanga ile, na kila jioni harufu ilibaki. Miaka kumi na moja. Kifua kilipomwua, hakuna daktari aliyeitaja dawa. Tamima hakungoja atajiwe.

Tangu hapo mboga yake ni ya Mjaka wa Gando, anayefukuza wadudu kwa majivu na mwarobaini. Lakini wanunuzi wake walikuwa wakipungua, na Mjaka alishasema: mambo yasipogeuka mwaka huu, naye atanunua bomba.

Asubuhi ya khitma ya kila mwaka ya Nassor, Mjaka alileta mafungu kumi ya mchicha, majani laini kama hariri. Tamima akapindua jani. Akapindua la pili, la tatu.

"Matundu yako wapi?"

"Nimeazima bomba, bi. Nimepiga mara moja tu, kwa heshima yako. Wageni wasikucheke."

"Umempigia Nassor dawa kwenye khitma yake?"

Mjaka akainamisha kichwa. "Watu hawanunui matundu. Weye peke yako hulibebi shamba langu."

"Na ule wa uani kwako, wanaokula watoto wako, umeupiga?"

Mjaka akatikisa kichwa.

"Basi kalete huo."

Ulipofika, wifi yake Zuweina alishika kisu. "Tuukate mdogo mdogo, wifi, matundu yasionekane."

"Weka kisu. Unapikwa majani mazima."

"Watu watasema!"

"Waseme. Wakiuliza nani kauonja mwanzo, waambie mdudu, na hajafa."

Ukapikwa kwa tui zito, kama alivyoupenda marehemu, ukapakuliwa juu ya wali na matundu yake yote. Wageni walitazamana. Kisha wakala. Baada ya dua sahani zilirudi jikoni nyeupe, na nyuma yake akaja Bi Mwanawema, akainama sikioni mwa Tamima.

"Mchicha huu waupata wapi? Mwaka wa ngapi sijala wenye ladha kama wa mama."

Tamima alikuwa na maneno ya miaka mingi kifuani, ya bomba na ya kanga. Akayameza.

"Sema kwa sauti, mwenzangu. Mjaka yupo barazani, naye anataka kusikia."

Bi Mwanawema akatazama huku na huku, akajitanda vizuri mtandio wake, kisha akaita kwa ile sauti yake ya sokoni:

"Mjaka! Kesho niletee mafungu mawili. Ya matundu!"