Santuri Bila Gramafoni

Jumamosi asubuhi, katika duka la fundi redio pale Mjambere, nilimkuta mzee wa kanzu amepakata mfuko wa santuri. Alitoa moja, akaipangusa kwa kikoi, akampa fundi aiweke kwenye gramafoni ya duka, akasema:

"Mtu mwenye kupenda jazi hawezi kuikosa hii. Sikiza hilo tarumbeta."

Tarumbeta likalia. Mama muuza mahamri akaliacha karai lake mlangoni akaja kusimama ndani. Mzee alifumba macho, kidole kikifuata mapigo gotini.

Nikadhani anauza. Nikauliza bei.

"Haziuzwi, mwanangu. Nilizinunua hapa hapa, moja moja."

"Mbona umezirudisha?"

"Nyumbani sina gramafoni."

Fundi akacheka. "Wallahi nilimpa moja bure. Akaikataa."

"Niipeleke wapi?" mzee akasema. "Nikisikiza peke yangu chumbani, nani ataniambia nirudie?"

Mama wa mahamri, ambaye mafuta yake yalishaanza kutoa moshi, akajibu bila kugeuka, "Rudia, baba."

Mimi gramafoni ninayo, imefunikwa kitambaa cha kufuma sebuleni, na santuri zangu zimepangwa vizuri sana. Jumamosi hii nazitia mfukoni, naenda Mjambere.